Waliopanda na Walioshuka

Kiwanda cha uchapaji, chumba cha wasahihishaji
4 Juni

Ndugu Kiongozi wa Safari,

Salaam. Anwani yako nimepewa na dereva wa basi anayeleta vifurushi kutoka kwenu, baada ya mimi kupiga simu ya ofisi yenu siku nne bila kupokewa. Ameniambia huko simu hazishiki, lakini barua ikifika mikononi mwako hujibiwa. Haya, tujaribu.

Tunataka kuja kutembea milimani siku nne, watu wawili: mimi na wifi yangu. Nina miaka arobaini na mitatu na kazi yangu ni kukaa kwenye kiti nikisoma kurasa kabla hazijachapwa, natafuta makosa. Zoezi langu kubwa ni ngazi za kiwanda, orofa mbili, na nikifika juu nahema kama mtu aliyefukuzwa. Wifi ni mwepesi. Ni fundi wa kufuma masweta, anakwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu. Tafadhali usitupangie safari kwa kumtazama yeye.

Tunataka njia ile yenye vibanda vitatu, inayopita kwenye bonde la mawe meupe. Mume wake, ambaye ndiye mdogo wangu wa mwisho, alipita huko miaka sita iliyopita, wiki ya pili ya Septemba. Tunaomba wiki hiyohiyo. Niandikie ratiba na vitu vya kubeba. Na kuhusu vyoo, sema ukweli.

Wako,
Msahihishaji


Ofisi ya lango la mlima
15 Juni

Dada Msahihishaji,

Barua yako imenichekesha mpaka karani akauliza kulikoni. Vyoo vipo. Ni vya shimo, na mlango wa kile cha kibanda cha pili unafungwa kwa kamba. Huo ndio ukweli.

Siku ya kwanza tunaondoka langoni saa mbili asubuhi, tunapanda msituni taratibu mpaka kibanda cha kwanza. Mtu wa orofa mbili anafika bila shida. Siku ya pili tunavuka daraja la nyaya, jipya kabisa, lilifunguliwa mwaka jana, na tunalala kibanda cha pili. Siku ya tatu ndiyo ya kutazama: bonde la mawe meupe na ziwa dogo, na hali ya hewa ikikubali mtaona mpaka upande wa pili wa milima. Tunalala kibanda cha tatu, na ya nne ni kushuka. Leteni masweta (fundi mnaye), makoti ya mvua, na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yenu. Mizigo itabebwa na wapagazi wawili ambao hutangulia.

Jambo moja nalieleza mapema kwa sababu wageni hulicheka. Langoni kila mtu anapewa fimbo yenye chuma chini. Kule juu wingu hushuka ghafla, humwoni hata aliye hatua tatu mbele yako, na sauti za watu huzunguka kwenye mawe zikakupoteza. Kwa hiyo hatuitani. Nasimama, nagonga jiwe kwa fimbo yangu, kisha kila mgeni anagonga mara moja, kuanzia wa mbele hadi wa nyuma. Nahesabu milio. Ikitimia tunaendelea. Nimeongoza watu kwa hesabu hiyo miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana huku wananiita Fimbo. Si kwa ukali.

Nimewawekea vitanda vitatu kila kibanda, na fimbo tatu. Mimi nina vyangu.

Mzee Fimbo


Kiwandani
24 Juni

Mzee Fimbo, shikamoo.

Ratiba ni nzuri na nimeshaanza kupanda ngazi mara mbili kwa siku, wenzangu wanadhani nadaiwa na mtu wa chini. Lakini mzee wangu, sisi ni wawili. Umeandika vitanda vitatu na fimbo tatu. Unisamehe, ni ugonjwa wa kazi. Hata kadi ya harusi naona makosa kabla sijaona majina ya maharusi. Rekebisha tu.

Acha nikwambie na sababu ya safari, maana utatuona hatucheki kama wageni wengine. Mdogo wangu hakurudi nyumbani kutoka huko. Alipanda na kikundi chako. Askari walituletea nakala ya ukurasa wa daftari la lango: waliopanda watano, walioshuka watano, na saini yake ipo. Wakasema mtu mzima akiamua kuondoka zake hakuna kesi. Wakafunga faili.

Tangu siku hiyo jina lake halitajwi kwetu. Mama aligeuza picha yake ikatazama ukuta, na ole wako uiguse. Maneno ya watu unayajua: ana mwanamke mahali, ana watoto wengine. Wifi hakurudi kwao wala hakuolewa. Amekaa tu, gari likisimama nje anaacha kufuma. Sasa mtu mwema amemposa. Anataka kwanza apite njia aliyopita mumewe alipokuwa bado wake, halafu amtoe moyoni. Mimi namsindikiza. Na kusema kweli nina hasira sana na yule mtoto. Nimechoka kuibeba na ninataka mahali pa wazi niipigie kelele.

Labda unamkumbuka. Mrefu, mwenye mwanya, anacheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe.

Msahihishaji


Ofisi ya lango
9 Julai

Dada,

Nasikitika kukuarifu kwamba njia ya vibanda vitatu imefungwa. Daraja limechukuliwa na maji. Nashauri mwende kwenye maporomoko, ni safari ya siku moja, mtarudi hotelini mapema, na yuko kiongozi kijana mchangamfu atakayewapeleka. Mimi mwenyewe goti limeanza kunisumbua.

Kuhusu ndugu yenu, wageni ni wengi. Simkumbuki.

Fimbo


Kiwandani
18 Julai

Mzee Fimbo,

Nimeziweka barua zako mbili mezani, sambamba, kama ninavyoweka kurasa za majaribio. Juni, daraja ni jipya la nyaya. Julai, limechukuliwa na maji, na Julai hakuna mvua. Nimemuuliza dereva wa basi. Amesema wiki iliyopita ameshusha wazungu sita, wote wamevuka daraja hilo kwenda na kurudi, na aliyewaongoza ni wewe, na goti lako.

Sikukutukana, mzee wangu, wala sikukuomba uniambie mdogo wangu yuko wapi. Nimeomba kutembezwa. Kwa nini unatukimbia?

Likizo zetu zimekwisha kuidhinishwa. Tunafika langoni tarehe 8 Septemba. Ukituficha, tutapanda na mwingine.

Msahihishaji


Nyumbani, si ofisini
2 Agosti

Dada yangu,

Hii ni karatasi ya tano. Nne nimechoma.

Namkumbuka. Alikuwa anatembea wa mwisho kwa sababu alitaka kusimama kila mahali kutazama. Wageni walikuwa watano, hawajuani, kila mmoja amekuja kivyake. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, wingu lilitushukia tukiwa tunazunguka ukingo wa bonde. Niligonga, wakagonga watano. Tukaendelea. Kila kituo nagonga, watano. Mlio wa mwisho ulikuwa unachelewa kidogo, nikasema moyoni, yule kijana na kutazamatazama kwake. Ukungu mtupu, atatazama nini?

Tulitoka chini ya wingu karibu na kibanda cha tatu, nikageuka. Walikuwa wanne.

Nikagonga tena, kwa mazoea tu. Wanne wakagonga mbele ya macho yangu. Mlio wa tano ukajibu kutoka ndani ya wingu.

Niliwaambia wenzake kwamba ametangulia na wapagazi, nikarudi peke yangu. Kila nikigonga ananijibu. Nikisogea, naye anajibu mbele kidogo. Nilimfuata hivyo saa mbili nzima, dada, mpaka nikaona kokoto zinatoka chini ya kiatu changu na sizisikii zikifika. Nilikuwa nimesimama ukingoni kabisa. Nikagonga, naye akajibu kutoka mbele yangu, mahali ambapo hakuna ardhi.

Nilikimbia. Sina neno zuri zaidi la kutumia.

Langoni karani aliniuliza, wangapi? Nikasema watano. Nilikuwa nimehesabu watano njia nzima. Ningesema wanne, angeniuliza tangu lini wako wanne, na sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo sijawahi kupoteza mgeni. Nilisubiri karani ageuke, nikatia saini ya ndugu yenu kwa mkono wangu. Askari walipokuja daftari lilikuwa limekwisha kusema, nikaliacha liseme.

Tangu mwaka ule, wingu likishuka bondeni, hesabu yangu huzidi mmoja. Kikundi cha wanne hugonga watano. Ndiyo maana naweka kitanda cha ziada na fimbo ya ziada bila kufikiri. Nilipokuandikia vitanda vitatu sikujua ninaandika nini, na wala sikujua ninamwandikia nani.

Sikuombi msamaha, kwa sababu sijui unaanzia wapi.

Fimbo


Kiwandani
20 Agosti

Mzee,

Barua yako niliisomea chooni kazini, mlango nimeufunga kwa ndani. Nilikaa humo mpaka wakaja kugonga. Sitasahau walivyogonga.

Kisha nikaenda nyumbani nikaitoa ile nakala ya daftari. Mdogo wangu aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zake zililala nyuma maisha yake yote. Saini ile imelala mbele. Nimekuwa nayo kabatini miaka sita. Nalipwa mshahara kwa kuona makosa, na hilo sikuliona, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kumkasirikia. Nilimwita mhuni mbele ya mke wake. Nilimwita hivyo na yeye amekufa.

Wifi sijamwambia. Mama sijamwambia. Ningeanza vipi?

Tunakuja tarehe 8 kama tulivyopanga. Utatuongoza wewe, si mwingine. Tukishuka, utakwenda kwenye daftari na kuandika kilichotokea. Hilo tu ndilo ninalotaka kwako, na ni kubwa, najua.

Fimbo ziwe tatu. Nimebadilisha mawazo.

Msahihishaji


Nyumbani
23 Septemba

Dada,

Natumaini miguu imepoa. Ulipanda vizuri kuliko ulivyojisema.

Nakuandikia kwa sababu pale langoni hatukuagana, na kuna mengine hukuyaona kwa kuwa ulikuwa mbele.

Mliponifungia mlango kwenye kibanda cha pili, nilijua unamwambia. Nilikaa nje na chai yangu nikisubiri nitukanwe. Wifi yako alitoka macho yamevimba, akasimama mbele yangu, akaniuliza kitu kimoja tu: siku ile alikuwa amevaa sweta la kijivu? Nikasema ndiyo, la shingo ndefu. Akasema alimfumia kwa siri wiki ileile, akamwekea kwenye begi asubuhi ya safari bila mtu kujua, na hakuwahi kujua kama alilivaa. Akasema, basi hakupata baridi sana. Akarudi ndani. Afadhali angenipiga.

Kesho yake wingu lilipotushukia bondeni, mlisikia nilichosikia. Niligonga. Ukagonga wewe. Akagonga yeye. Halafu ule wa tatu, nyuma yake kabisa, karibu kama mtu anayekufuata kwenye ngazi. Wewe ulishika mkono wangu ukanibana, bado nina alama. Lakini wifi yako hakushtuka. Aligeuka nyuma akazungumza naye kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliye jikoni anayezungumza na aliye sebuleni. Alisema, sikujua. Walituambia umeondoka. Sasa nimejua hukuniacha. Umetembea sana, mume wangu, kaa upumzike.

Tulisubiri. Mimi niligonga tena. Mlijibu wawili. Tukashuka tukiwa wawili na mimi, kila kituo, mpaka chini.

Siku ileile mlipoondoka nililifungua daftari mbele ya karani. Niliikata ile hesabu ya zamani na ile saini kwa wino mwekundu, nikaandika: waliopanda watano, walioshuka wanne, na chini yake jina langu halisi. Beji yangu imechukuliwa. Askari wameniambia nisisafiri, nami nimewaambia kwamba safari zangu zimekwisha. Waokoaji walishuka korongoni kwa kamba siku tatu na hawakupata kitu, ni miaka mingi.

Wiki iliyopita kijana mchangamfu alipandisha watu saba. Alikutwa na wingu palepale. Amekuja nyumbani kuniambia kwamba waligonga saba.

Mzee Fimbo


Nyumbani kwa Mama
17 Novemba

Mzee Fimbo,

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia tena. Naandika kwa sababu ya Mama.

Niliporudi ilinichukua siku nane kupata ujasiri. Nilimkuta chumba cha nyuma anakunja nguo. Nikakaa sakafuni, nikamweleza yote, daftari, saini yako, bonde. Nilitegemea apige ukunga, na mimi na wifi tulikuwa tumejiandaa kumshika. Hakulia. Aliendelea kukunja shuka mpaka likaisha, akaliweka, akasema, "Miaka sita?"

Nikasema ndiyo, Mama.

Akasema, "Mbona huwa anakuja?"

Nilidhani akili imeruka. Akanieleza kwa utulivu kama anavyoeleza habari za jirani. Anakuja msimu wa mvua, baada ya chakula cha mchana, nyumba ikiwa tupu. Anasimama chini ya upenu wa mlango wa jikoni, ameinamisha kichwa, maji yanamchuruzika. Haingii, hasemi. Mama anamwona kupitia dirisha la chumba kile cha kukunjia nguo. Mara ya kwanza alimwambia, "Nenda kamwombe mkeo msamaha ndipo uje hapa." Akaondoka. Mwaka uliofuata akaja tena, akamwambia hivyohivyo. Na uliofuata. Hakutuambia sisi kwa sababu aliona aibu: aliogopa siku moja moyo utamlegea atafungua, na wifi atajua kwamba amemsamehe kabla yake. Mwaka jana hakumwambia kitu. Alifunga dirisha tu.

Nilimuuliza huwa amevaa nini. Nilitaka kumkamata kosa, unanijua nilivyo. Akasema, "Sweta la kijivu, la shingo ndefu. Sijui nani alimnunulia, halikumkaa vibaya." Wifi alitoka chumbani akikimbia. Mama hakuwahi kuliona sweta lile. Hatukumtajia.

Mama alilia jioni yake, na hajanyamaza vizuri mpaka leo. Halii kwamba amekufa. Analia kwamba alikuja kwao mara sita, na kwao wakamfukuza.

Mvua zimeanza wiki ya tatu sasa. Mama ameigeuza picha itazame watu. Mlango wa jikoni haufungwi, ameweka kiti hapo na taulo juu yake, na anakaa kumsubiri kuanzia saa saba. Mvua inaingia ndani, tunadeki. Wifi amemwomba mchumba wake asubiri, naye anakaa na Mama, anafuma. Hakuna aliyekuja. Mimi najua kwa nini, na wifi anajua, na yeye ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu aliyemwambia akae apumzike ni yeye.

Jumapili Mama aliniita. Alisema: "Huyo mzee alipoandika kwamba ameshuka, mwanangu alikuwa anafika. Alipoandika hakushuka, haji tena. Mwambie afute. Aandike watano." Nikamwambia, Mama, daftari si mlango. Nikamwambia liko kwa askari, nikamwambia hiyo ndiyo haki aliyokuwa anastahili mwanao, jina lake sasa ni safi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba tena, na safari hii alinishika miguu, mama yangu, mtu wa miaka sabini na sita.

Kwa hiyo naandika. Najua haifai. Najua nilikuja huko kwa sababu gani na nilikudai nini, na umeachishwa kazi kwa sababu yake. Tangu nina miaka ishirini sijafanya kazi nyingine zaidi ya kuondoa makosa kwenye karatasi za watu. Hili moja, mzee wangu, kama bado kuna njia, nakuomba ulirudishe.

Dada yake